Tuwatoe Watoto Nje, Ardhi Nayo ni Darasa



  

Katika toleo hili tumeona tuseme jambo ambalo limekuwa likizungumzwa vikaoni na mlangoni mwa madrasa, lakini halijaandikwa. Nalo ni hili: je, kumtoa mwanafunzi nje ya darasa, akasome chini ya mti, shambani, zizini au kwenye majabali yetu haya ya Singida, ni kumpotezea muda au ni kumsomesha? Wapo wazazi wanaotuambia waziwazi, "Maalim, mtoto nimemleta asome, sikumleta azurure." Tunaiheshimu kauli hiyo, kwani inatoka kwa mtu anayeijali elimu ya mwanawe. Hata hivyo tunaona haiko sawa, na tutaeleza kwa nini.

Tuitazame kwanza siku ya mtoto wetu. Anaamka alfajiri, anachota maji, anakwenda shule kwa miguu. Huko anakaa kwenye dawati hadi mchana. Anarudi, anakula, na saa 10 jioni yuko madrasa, ameketi mkekani, kichwa kimeinamia juzuu mpaka karibu na Maghrib. Usiku ana kazi za shule, na kama nyumbani kuna simu, macho yanahamia kwenye simu. Hebu tuhesabu: mtoto huyu ameketi na kuinama saa ngapi? Kisha tunashangaa kwa nini anasinzia, kwa nini kila Jumatatu anaumwa kichwa, na kwa nini baadhi yao wanapotea kimya kimya bila kuaga. Tukiri ukweli, kwa miaka mingi dawa yetu walimu ilikuwa bakora.

Tuna kisa kimoja ambacho hakitutoki moyoni. Alikuwapo mwanafunzi, jina lake tunalisitiri, ambaye tulimfundisha wakati wa Alasiri ubaoni kwa muda wa wiki tatu. Tulichora mti, tukachora kivuli, tukaandika. Kila alipoulizwa alinyamaza. Aliadhibiwa, akachekwa na wenzake, na mwisho akaacha kuja. Miezi baadaye mmoja wetu alimkuta akichunga mbuzi. Akamuuliza kwa mzaha, "Sasa ni wakati gani?" Kijana akaisimamisha fimbo yake, akakitazama kivuli, akasema Alasiri bado kidogo, mbuzi wakishanywa maji itakuwa imeingia. Na ikawa hivyo. Kumbe elimu tuliyokuwa tukimpigia alikuwa nayo! Sisi ndio hatukujua kumuuliza mahali anapoweza kujibu. Tulimwendea mzee wake tukaomba radhi, lakini kijana hakurudi tena. Tulichelewa.

Ndugu wasomaji, hili la kusoma nje si jambo la kigeni katika dini yetu. Mtume wetu (S.A.W) alilelewa utotoni na Bibi Halima katika Banu Saad, watu wa bara na mifugo, nje ya mji wa Makkah. Alipokua alichunga kondoo wa watu wa Makkah, na katika hadithi iliyomo kwa Bukhari ametufahamisha kuwa hakuna Nabii ambaye hakuchunga. Katika Suratul Ghaashiya Mola wetu anawahoji watu kama hawamtazami ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Mtoto wa Singida ngamia hamuoni kila siku, lakini mbingu, milima na ardhi viko mlangoni kwao. Na kutazama kunakotakiwa hapo si kwa kupita tu, bali ni kutazama kwa mazingatio, na mazingatio hufundishwa.

Ibada zenyewe zinatutoa nje. Swala ya Idd sunna yake ni uwanjani. Swala ya kuomba mvua, ambayo sisi wa mkoa huu mkavu tunaijua vyema, watu hutoka kwenda kuiswali mahali pa wazi. Mwezi mwandamo hautafutwi dirishani.

Ama kuhusu mapumziko ya mtoto, Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria sawa na 1111 Miladia, alikwisha kulisema katika Ihyaa Ulumid-Din. Alishauri kwamba mtoto akitoka chuoni aruhusiwe kucheza mchezo mzuri apumzike na uchovu wa masomo, kwani kumzuia kucheza na kumbana kwa masomo daima kunaua moyo wake na kuzima akili yake. Huyo si mtu wa mchezo, ndugu zetu, ni Hujjatul Islam. Na swahaba Handhala alipohuzunika kuwa moyo wake nyumbani hauwi kama unavyokuwa mbele ya Mtume (S.A.W), alijibiwa kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Hadithi hiyo imo kwa Muslim.

Sasa wengine watasema, "Haya, wacheze, lakini msiite kucheza elimu." Hapa ndipo tunapotaka tueleweke. Hatuzungumzii mchezo peke yake. Tunazungumzia masomo ambayo mahali pake hasa ni nje.

Kwanza, nyakati za swala na qibla. Chomeka fimbo ardhini palipo sawa, mtoto apime kivuli. Atajua mwenyewe jua linapopinduka, na atajua kuwa kwa madhehebu ya Shafi Alasiri huingia kivuli kinapolingana na urefu wa fimbo, ukiacha kile kivuli kilichokuwapo jua lilipopinduka. Akiendelea mwaka mzima ataona ajabu: mwezi Juni kivuli cha adhuhuri hapa Singida huelekea kusini, Desemba huelekea kaskazini, na mapema Machi na mapema Oktoba hukaribia kutoweka kabisa. Tena kila mwaka, tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua huwa juu ya Al-Kaaba. Saa yetu na ya Makkah ni moja, kwa hiyo dakika hiyo ukikitazama kivuli cha fimbo na kukipa kisogo, uso wako umeelekea qibla. Hapa kwetu utaona ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo. Mwanafunzi aliyeiona qibla kwa fimbo yake hataisahau mpaka kufa.

Pili, zaka. Ubaoni tunasema wasqi tano, na mtoto anaimba wasqi tano bila kujua ni mzigo gani. Tumpeleke shambani wakati wa mavuno ya uwele na mtama, aone kuwa hizo ni takriban kilo 650, ahesabu magunia. Aelezwe kuwa kinachooteshwa kwa mvua, kama mazao yetu mengi, hutolewa moja ya kumi, na kinachomwagiliwa kwa taabu na gharama hutolewa nusu ya hiyo. Akiuliza, "Na alizeti je?" basi somo limefunguka, kwani wanazuoni wamekhitalifiana juu ya mazao yasiyokuwa chakula kikuu, na Singida bila alizeti si Singida. Kisha tumpeleke zizini: mbuzi 40 wana mbuzi mmoja, ng'ombe 30 wana ndama wa mwaka mmoja. Baba yake anao wangapi? Hapo fiqhi imeingia nyumbani.

Tatu, tayamamu, kwa udongo wenye vumbi tulionao tele. Nne, Sira, ambayo hunoga ikisimuliwa kwenye kivuli cha jabali, mtoto akipata picha ya kundi la kondoo, upepo na nyota.

Tuje kwenye afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mtoto anayechunga anazipata, lakini mtoto wa mjini anayetoka dawatini kwenda mkekani anaweza asizipate. Yako pia mambo ya macho. Huko Guangzhou, China, wataalamu walichukua shule 12, nusu yake wakawaongezea watoto wa darasa la kwanza kipindi cha dakika 40 nje kila siku ya masomo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015: baada ya miaka 3, waliopata tatizo la kutoona vya mbali katika shule zilizotoka nje walikuwa takriban 30 katika kila watoto 100, na katika shule nyingine takriban 40. Dakika 40 tu, na hazikuhitaji dawa wala miwani. Sisi tunaowataka watoto wetu wausome Msahafu hadi uzeeni, je, macho yao hayatuhusu?

Na moyo nao una haki yake. Mtoto aliyefiwa, mtoto anayelala na njaa, mtoto ambaye wazazi wake wameachana, hawezi kusema mbele ya darasa zima. Lakini mkitembea naye kwenda kumwagilia miti, atasema. Tumeyasikia njiani mambo ambayo darasani tusingeyasikia kwa miaka kumi.

Wenzetu wa visiwani wamekwisha tangulia. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kwa miaka mingi kimekuwa kikipokea wanafunzi wa shule, wa kike kwa wa kiume, wakajifunze matumbawe na msitu kwa macho yao. Na kisiwa cha Misali, Pemba, ambacho wenyeji husimulia kuwa jina lake limetokana na msala kwa vile kinaelekea qibla, mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa mahali ambapo mafunzo ya Qur'an juu ya kutofanya uharibifu katika ardhi yalitumika kuhifadhi bahari pamoja na wavuvi. Bahari hatuna, lakini tuna Ziwa Singidani na Ziwa Kindai pembeni ya mji, pamoja na ndege wake. Ni wanafunzi wangapi wa madrasa zetu waliokwisha kupelekwa pale kuzingatia?

Tunajua pingamizi zilizopo, na baadhi ni za haki. Kubwa ni hili la jembe. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, lengo lilikuwa mwanafunzi aunganishe kitabu na kazi. Wengi wetu tuliosoma baadaye tunakumbuka jembe likiwa adhabu ya mchelewaji. Na katika vyuo vyetu vya Qur'an pia, tusijifiche, wapo walimu waliowalimisha wanafunzi mashamba yao na kuita baraka. Hiyo siyo elimu ya nje tunayoitetea. Kanuni iwe moja: mtoto akitoka, atoke na somo linalojulikana, na faida ya kazi irudi kwake au kwa madrasa yote, isirudi kwa maalim.

Pingamizi la pili ni mabinti. Nasi tunasema watoke pamoja na ustadhati wao, kwa stara na kwa idhini ya wazazi, mahali panapofaa. Kuwaacha wao ndani siku zote na kuwatoa wavulana tu ni dhulma, kwani qibla na zaka vinawahusu wote. La tatu ni usalama: hakuna kuogelea ziwani, hakuna kupanda majabali marefu, kila mmoja awe na maji ya kunywa, na jua kali likwepwe. La nne ni hifdhi. Hatuombi hata aya moja ipunguzwe. Tumejionea kuwa mtoto aliyenyoosha viungo huhifadhi kwa wepesi kuliko aliyechoka.

Basi tunapendekeza haya kwa mwaka ujao, inshaallah. Robo saa kila jioni iwe ya kupima kivuli na kunyoosha viungo. Darsa moja kila wiki lisomwe chini ya mti. Asubuhi moja kila mwezi iwe ya safari fupi ya miguu, shambani, zizini au ziwani. Na kila mwanafunzi apande mti mmoja, mwarobaini, mwembe au mkwaju, aumwagilie kwa maji ya udhu ambayo leo yanapotea bure uani. Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kila anayekula humo, mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Gharama ya yote hayo ni fimbo, kamba ya kupimia na miche.

Wazazi wetu, tunawaomba mambo mawili. Mtoto akirudi na vumbi miguuni msimgombeze kabla hamjamuuliza amejifunza nini. Na wenye mashamba na mazizi karibu na madrasa, tufungulieni milango, tuje tuhesabu nanyi. Nanyi wanafunzi, tarehe 28 Mei msisahau fimbo zenu.

Yule kijana wa mbuzi hatukumpata tena. Tunamuomba Allah (S.W) asitujaalie kumpoteza mwingine kwa sababu ile ile.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.