Utungo wa Sekunde Moja

Malenga wenzangu, naanza kwa kukiri kosa. Nilipokuwa mwalimu wa sekondari, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniletea utungo wa mshororo mmoja. Nilimwandikia kwa kalamu nyekundu: "Endelea." Hakuendelea, nami sikumpa alama. Nilijua vyema kwamba ubeti wa mshororo mmoja una jina lake katika ushairi wetu, tathmina. Lakini jina hilo nililitumia kutungia maswali ya mtihani tu.

Kosa hilo limenirudia baada ya mjukuu wangu kunisikilizisha muziki uitwao graindikoo. Ni muziki uliozaliwa miaka ya 1980, mtoto wa panki na metali, na wengi huanza kuusikiliza kwa kundi la Napalm Death, kutoka Meriden, kijiji kilicho karibu na Birmingham, Uingereza. Albamu yao ya kwanza, Scum, ilitoka mwaka 1987: nyimbo 28 katika muda wa takriban nusu saa. Upande wa kwanza na wa pili wa sahani hiyo ulipigwa na watu tofauti, isipokuwa mpiga ngoma, Mick Harris, ambaye ndiye anayetajwa kuwa aliupa muziki huu jina. Ngoma hupigwa kwa kasi mno hata sikio huacha kuhesabu mapigo. Nyuzi za gitaa hulegezwa hadi zikoromee chini. Na mwimbaji hunguruma kutoka kooni.

Humo mna wimbo uitwao "You Suffer." Unadumu sekunde moja na ushei, na umeingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa ufupi wake. Maneno yake ni manne, nayo ni swali. Niliposomewa maneno hayo nilinyamaza, kwa kuwa mshororo wa yule kijana pia ulikuwa swali: alikuwa akiuliza baba yake atarudi lini. Angeendelea kusema nini?

Najua mtaniambia kwamba hizi ni kelele, na kwamba maneno hayasikiki. La pili ni kweli. Bila karatasi ya maneno mimi sishiki hata neno moja. Lakini nyimbo za Scum zinalalamikia makampuni makubwa na unyonyaji, na naona sauti hiyo ina hoja yake: mtu anayekabwa hatamki irabu zake vizuri. Sisi tumezoea kudai kwamba uchungu upangwe kwanza kwa vina ndipo tuusikilize.

Si kila kitu nimekipenda. Carcass wa Liverpool, katika Reek of Putrefaction ya mwaka 1988, walijaza nyimbo zao msamiati wa kitabibu kuhusu maiti na uozo. Kama mpenzi wa kamusi nilicheka; kufikia wimbo wa nne nilikuwa nimechoka.

Karibu na kwetu walitokea Duma wa Nairobi, vijana wawili ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mswahili akisikia jina hilo humwaza mnyama mwenye mbio. Wao walisema ni giza, kwa Kikikuyu. Maana zote mbili zinaufaa muziki wao, uliochanganya graindikoo na sauti za mitambo.

Ninachotamani ni malenga wetu mmoja atunge Kiswahili cha kuimbwa hivyo. Tarbia ya mizani kumi na sita haitaingia, pumzi haitoshi. Itabidi akate hadi libaki neno lisilokatika, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kutafuta kina cha kati.

Kwa anayeanza: punguza sauti, soma maneno kwanza, sikiliza upande wa kwanza wa Scum peke yake, kisha upumzike. Duma waache kwa siku ya pili.