Kijerumani cha Maamkizi Hakitoshi

Mnamo Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mapatano kuhusu uhamiaji na ajira. Tangu hapo vijana wetu wana sababu mpya ya kujifunza Kijerumani. Hilo ni jema. Hata hivyo, Kijerumani cha maamkizi hakimlindi mfanyakazi mgeni.

Chukua mfano wa nyumba ya kupanga. Matangazo ya huko hutaja Kaltmiete, yaani “kodi baridi,” na Warmmiete, “kodi ya joto.” Ya kwanza ni kodi ya nyumba tupu, ya pili hujumlisha gharama za kupasha nyumba joto na huduma nyinginezo. Asiyejua tofauti hiyo atapanga matumizi ya mshahara wake kwa hesabu pungufu.

Isitoshe, sheria humpa mpangaji haki ambazo asipozisoma hatazidai. Amana anayotozwa haipaswi kuzidi kodi baridi ya miezi mitatu, naye anaruhusiwa kuilipa kwa mafungu matatu. Sheria pia humtaka ajiandikishe katika ofisi ya mji kabla ya majuma mawili kupita tangu ahamie, akiwa na thibitisho la mwenye nyumba.

Ndiposa nawasihi walimu wenzangu wa lugha za kigeni: somesheni mikataba ya kazi na ya upangaji, wala msiishie kwenye salamu na nyimbo. Mwanafunzi asiyefunzwa msamiati huo hapa nyumbani atafunzwa ugenini, na karo yake itakuwa ghali.