MWALIMU MPYA NA MATUTA YA ULUGURU

Ndugu, Mtibwa Sugar ya Turiani ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000. Mwaka 2024 ikashuka daraja, na mwaka 2025 ikapanda tena. Kila ajapo mwalimu mpya na mpango wake, tukifungwa mabao mawili tu twapiga kelele afukuzwe. Si haki. Lakini naye mwalimu asisahau mwaka 1955: Waluguru waliyakataa matuta ya serikali ya kikoloni, waliamriwa kuyachimba, hawakushauriwa. Mpango usioelezwa huwa mzigo. Basi mwalimu na aeleze, wachezaji wajifunze, nasi tuvumilie. Timu haijengwi kwa amri, wala haijengwi kwa matusi.