Maji ya rejeta yenye oili si ya kumwaga uani

Katika nyumba nyingi za Kahama, Katoro na Nyarugusu, uani hakukosi injini: Noah ya abiria, lori la kubebea mawe ya dhahabu, au mashine ya karasha iliyoletwa kutengenezwa. Baba au fundi anafungua rejeta, anakuta maji yamegeuka rangi ya chai ya maziwa na kuwa mazito kama uji. Anayamwaga chini, anasuuza rejeta kwa sabuni ya unga, na kulanti iliyobaki anaihifadhi kwenye chupa ya soda. Watoto wako pembeni wanaangalia.

Rangi hiyo ni dalili kwamba oili imeingia kwenye maji. Ndani ya injini, vitu hivi viwili hupita njia tofauti, vikitenganishwa na gasketi ya silinda hedi. Gari likichemsha mara kwa mara, hedi hupinda, gasketi huharibika, na oili huvuja. Kipoza oili kikitoboka, matokeo ni yaleyale. Kubadilisha maji peke yake hakutibu tatizo; fundi atafute panapovuja.

Lakini kwa mzazi, kuna hatari kubwa kuliko gharama ya injini.

Ya kwanza ni sumu. Kulanti nyingi zina kemikali iitwayo ethilini glaikoli. Ni tamu, haina harufu kali, na rangi yake ya kijani au pinki hufanana na juisi. Funda chache tu zinaweza kumuua mtoto mdogo. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za kikohozi nchini Gambia zilizohusishwa na vifo vya watoto 66. Ndani yake ilikutwa kemikali hiyo pamoja na nyingine ya jamii yake. Watoto wale waliharibika figo.

Mtoto aliyekunywa kulanti huanza kama mlevi: anayumba, anasinzia, anatapika. Ni rahisi kudhani ni malaria. Baadaye anapumua haraka haraka, na ndani ya siku moja hadi tatu figo zinaweza kushindwa kufanya kazi. Hapo anaweza kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine, huduma inayopatikana hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza.

Kwa hiyo mzazi asisubiri dalili. Ampeleke mtoto hospitali mara moja, abebe na chupa yenyewe, amwambie daktari alichokunywa na saa aliyokunywa. Asimtapishe, wala asimpe maziwa au mafuta ya kula akidhani yataua sumu.

Hatari ya pili ni kuungua. Maji ya rejeta hufungiwa kwa presha, hivyo hupita nyuzi joto 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa kwa moto, hulipuka na kumrukia aliye karibu, na uso wa mtoto uko usawa wa rejeta. Injini izimwe, ipoe kabisa, watoto wawe mbali. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, yai na mafuta visipakwe.

Ya tatu ni hapo yanapomwagwa. Kuku, mbwa na mbuzi hunywa kwenye kidimbwi hicho, mtoto anayetambaa hutia mkono kisha mdomoni, na mvua hupeleka uchafu huo kisimani.

Dawa yake ni rahisi. Maji ya rejeta yakingwe kwenye beseni au dumu lisilotumika kwa chakula, yafunikwe, yapelekwe gereji inayokusanya oili chafu. Kulanti ibaki kwenye chupa yake yenye lebo, ifungiwe juu, mtoto asipofika. Na chupa ya soda ibaki kuwa ya soda, maana mtoto hajui kusoma rangi. Anajua tu kwamba ni tamu.