Kabla ya kuota udukuzi, zijue amri hizi tatu

Uko Kitale au Bungoma, na kila ukifungua simu unakutana na video ya jamaa wa jaketi la kofia akichapa maandishi ya kijani kwenye skrini nyeusi. Unajiambia: nami nitakuwa mdukuzi. Sawa, lakini kwa ruhusa ya nani?

Kumbuka Julai 2023. Serikali ilikuwa imetoka tu kuzindua zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen, mara mtandao ukakwama. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Serikali ilisema hakuna data iliyopotea. Wavamizi walichofanya ni kuuziba mlango: seva ilirushiwa maombi mengi kwa pamoja hadi ikashindwa kuhudumia wenye haja.

Hapo ndipo habari hii inakugusa. Ukitafuta kazi, utaulizwa cheti cha maadili mema, na kukiomba lazima upitie mlango huo huo, uwe Webuye au Kiminini. Mlango ukizibwa, na wewe umekwama. Nchi iliyohamishia huduma zake mtandaoni inahitaji walinzi wengi, na si lazima wote watoke Nairobi.

Ulinzi wenyewe huanza na vitu vidogo. Kwenye kompyuta ya Windows, tafuta cmd uifungue. Andika `whoami`, itakuambia umeingia kwa jina gani. Andika `ping 127.0.0.1`, na kompyuta itajitumia ujumbe mdogo na kupima jibu limechukua muda gani. Namba hiyo ni anwani ya mashine yako mwenyewe. Kisha `netstat -an` itakuorodheshea mawasiliano yote yaliyo wazi. Ukiona anwani usiyoielewa, chunguza ni programu gani inaongea na nje.

Umeona? Hujaibia mtu. Ila mvamizi naye huzijua amri hizi hizi. Kinachowatenganisha mlinzi na mwizi ni ruhusa. Sheria ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandao inasema ukiingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, faini ni hadi Sh5 milioni, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kisingizio cha "nilikuwa najaribu tu" hakitakusaidia.

Kwa hivyo fanyia mazoezi kwenye mashine yako, si ya saiba wala ya chuo. Siku ukiitwa kulinda mlango wa wengine, uwe tayari unaujua wako.