Tusahihishe Nini Katika Kazi ya Nguo?

Mwishoni mwa mwaka mmoja wa masomo tulipita baina ya meza za maonyesho katika chuo kimoja cha ualimu, kalamu mkononi, tukisahihisha kazi za nguo za wanachuo. Mradi waliopewa ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kila mwanachuo alitakiwa afanye majaribio ya kutia nguo rangi na kuipiga chapa. Pili, alitakiwa abuni jina na nembo ya bidhaa ambayo ingetokana na majaribio hayo, kama afanyavyo mbunifu wa mavazi anayejiandaa kuingia sokoni.

Juu ya meza moja palikuwa na mkoba wa turubai uliopigwa pasi vizuri. Ubavuni ulikuwa na nembo ya twiga ndani ya duara, chini yake jina la kampuni kwa herufi za mapambo, na kando yake kadi ndogo yenye bei. Turubai yenyewe ilinunuliwa dukani ikiwa tayari ina rangi. Kwenye meza ya jirani palikuwa na daftari kubwa lililovimba kwa vipande thelathini na saba vya amerikani vilivyobandikwa kwa gundi. Vingi vilikuwa na mabaka, baadhi vilikuwa na rangi ya matope, na vitatu vilikuwa havina rangi yoyote ya kutajika. Nembo ya mwenye daftari ilikuwa muhuri wa kiazi wenye herufi mbili, na moja kati ya hizo ilitoka kinyume.

Mkoba tuliupa alama 84. Daftari tulilipa 51, tena baada ya majadiliano.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha tuliwatembelea wote wawili. Mwenye mkoba alikuwa na darasa la tano, na kila mtoto alikuwa ameleta kipande cha amerikani mpya kilichonunuliwa na wazazi. Vipande vilitumbukizwa katika sufuria ya rangi moja kwa moja kutoka dukani, navyo vikatoka na madoadoa meupe. Mwalimu wetu hakujua kwamba amerikani mpya ina dondo na nta ya pamba, na kwamba isipochemshwa kwa sabuni kwanza, rangi haipenyi. Aliwaambia watoto kwamba wameuziwa nguo mbaya. Watoto waliamini, wakaenda kuwaeleza wazazi wao hivyo.

Mwenye daftari alikuwa akifundisha kwa binzari ya manjano. Msichana mmoja alikwenda kufua kipande chake kwa sabuni ya mche, na mara manjano yake yakageuka kuwa mekundu kama tofali. Akarudi akilia: "Mwalimu, nimeiharibu!" Mwalimu hakumkemea. Aliagiza ndimu, akaikamua juu ya kile kipande, na manjano yakarudi mbele ya macho ya darasa zima. Kisha akawauliza watoto: ni kitu gani kilichomo katika sabuni ambacho hakimo katika ndimu? Tulikaa nyuma ya darasa hilo tukiwa na karatasi yetu ya ukaguzi, nasi tuliona aibu, maana jibu la swali lile lilikuwa limo katika kipande cha kumi na tisa cha daftari tulilolipa 51.

Tunayaeleza haya ili wanachuo wajue kwamba maoni yanayofuata yanatoka kwa watu waliokwisha kukosea.

Maoni yetu ni kwamba katika kazi ya nguo tumezoea kusahihisha kitu kilichokwisha kupambwa, na kwa kufanya hivyo tunamfundisha mwalimu wa kesho kuficha majaribio yake. Mwanachuo mwerevu hutambua upesi alama zinatoka wapi. Akiona kwamba mabaka yanampunguzia alama, atanunua nguo iliyotiwa rangi na mtu mwingine, kisha atatumia juhudi yake yote katika nembo. Nembo siku hizi haina gharama kubwa ya akili, kwani simu ya mkononi huweza kuchora twiga ndani ya duara katika muda wa kunywa chai.

Katika ulimwengu wa ubunifu wa nguo hawasomi hivyo. Chukueni mfano wa Anni Albers, aliyezaliwa Berlin mwaka 1899 na kuingia shule ya Bauhaus, Ujerumani, mwaka 1922. Alitaka kujifunza kazi nyingine, lakini wanawake wengi wa shule ile walisukumwa kwenye karakana ya kufuma, naye akajikuta huko. Kazi yake ya kumalizia masomo, mwaka 1930, ilikuwa nguo ya kufunika ukuta wa ukumbi wa shule ya vyama vya wafanyakazi huko Bernau. Ukumbi ule ulikuwa na mwangwi. Kwa hiyo nguo ilitakiwa imeze sauti, na wakati huohuo irudishe mwanga ili ukumbi usiwe na giza. Alifuma pamba upande mmoja na selofani, ile karatasi angavu ya kufungia vitu, upande wa pili. Hakuna mtu anayefikia mchanganyiko wa namna hiyo kwa kuanza na nembo. Hufikiwa kwa vipande vidogo vingi, ambavyo vingi vyake havifai.

Baadaye alihamia Marekani, akafundisha katika chuo cha Black Mountain, North Carolina, tangu 1933 hadi 1949. Jambo linalotugusa sisi walimu wa shule za msingi ni kwamba alijali sana mazoezi yasiyohitaji kitanda cha mfumi. Sura ya nguo, yaani ukwaruzo wake, mistari yake na mashimo yake, ilitafutwa kwa punje za mahindi, kwa karatasi iliyosokotwa, hata kwa alama za taipureta zilizopigwa zikirudiwarudiwa juu ya karatasi. Shule yenye mahindi na karatasi kuukuu inaweza kuanza kesho asubuhi. Tunalisema hili kwa sababu kisingizio cha ukosefu wa vifaa tumekisikia mno, na mara nyingine tumekitoa sisi wenyewe.

Kuhusu vifaa, na hapa tunaomba mtuvumilie kidogo. Mafundi wa batiki mjini hutumia kostiki soda na haidrosulfaiti, na rangi zao huwa imara kweli. Vitu hivyo havifai kukaribishwa katika darasa la watoto sitini. Kostiki huunguza ngozi na macho, na mtoto haangalii beseni ni la nani. Darasani tumieni binzari, maganda ya vitunguu maji, majani ya chai, na kwa walio pwani, magome ya mkoko. Kipande kimoja kichovywe hivihivi, cha pili kilowekwe kwanza katika maji ya shabu, cha tatu kitiwe baadaye katika maji yaliyolala na misumari yenye kutu. Chai pamoja na kutu hutoa kijivu kinachokaribia weusi. Hilo huwafurahisha watoto kuliko tulivyotazamia. Kisha kila kipande kikatwe nusu, nusu moja iwekwe ndani ya kitabu na nyingine ianikwe juani kwa wiki moja. Binzari itapauka vibaya, na ni vizuri ipauke, kwa sababu mtoto atakuwa amegundua mwenyewe kwa nini mfanyabiashara mwaminifu hauzi nguo ya binzari. Mashuka yaliyochakaa yanatosha kwa kazi yote hii, na hayana dondo.

Wako wenzetu wasiokubaliana nasi. Wanasema kwamba Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule izalishe, si ichezee vitambaa. Na kwamba kijana anayemaliza shule leo hataulizwa daftari lake bali ataulizwa anauza nini, kwa jina gani. Hoja hii ina uzito. Sisi hatuidharau nembo. Kuichonga kwenye kiazi humfundisha mtoto vipimo, nafasi baina ya herufi, na jambo moja gumu ambalo walimu wengi hulisahau: kwamba muhuri hugeuza herufi, hivyo S na N zichongwe kinyume ili zisomeke sawasawa. (Mwenye daftari aligeuza moja akasahau ya pili. Tulimkata alama tatu kwa kosa hilo, ilhali lilikuwa somo zuri kupita yote yaliyokuwa mezani.)

Lakini tuangalie jinsi majina ya nguo yalivyopata nguvu katika pwani yetu hii. Amerikani yenyewe ni jina la biashara. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar pamba isiyopaushwa, na mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani. Nguo ile ilikuwa nzito na ya kudumu. Ilibebwa hadi bara na kutumika kama malipo. Wanunuzi waliijua kwa kuishika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipoipunguza, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake. Jina halikuondoka. Hadi leo mtu huomba amerikani dukani bila kujali imefumwa wapi. Halikubuniwa na mchoraji yeyote. Lilizaliwa na vidole vya wanunuzi.

Au chukueni kanga. Akina mama wengi wa pwani, kabla ya kutazama pindo na mji, huinamia ukingo kutafuta maandishi madogo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887. Maandishi yale hayana mapambo. Hayana twiga wala duara. Uzito wake unatokana na doti zilizofuliwa miaka na miaka. Na tazameni pia kwamba katika lugha ya kanga neno "jina" halimaanishi jina la kiwanda, bali ule usemi ulioandikwa juu ya pindo la chini, ambao mvaaji huuchagua kwa ajili ya mtu fulani atakayeusoma. Mwenye nguo ndiye anayesema. Mtengenezaji amejibana ukingoni.

Kwa sababu hiyo tungependa zoezi la nembo libadilishwe. Badala ya kumwambia mtoto abuni kampuni ambayo haipo, mwalimu amwambie abuni leso moja: pindo, mji, na jina, kisha aeleze anamkusudia nani. Baada ya hapo, na baada ya kipande chake kufuliwa mara tatu, apewe ruhusa ya kuweka alama yake ndogo ukingoni. Mtoto ambaye kipande chake kimepauka atasita kuiweka. Tumemwona mmoja akisita hivyo. Aliishika kiazi yake mkononi, akaitazama nguo, akarudi kwenye sufuria.

Kuhusu alama, pendekezo letu ni hili: katika 100, daftari la majaribio lipewe 60, nguo iliyokamilika 25, na nembo 15. Ndani ya zile 60, kipande kilichoharibika na kuelezwa kihesabiwe sawa na kilichofanikiwa na kuelezwa. Kisichoelezwa, hata kiwe kizuri namna gani, kisipate kitu. Mwanachuo aandike siku, kiasi cha maji, muda wa kuchemsha, na alichotarajia kabla ya kuona kilichotokea. Hili la mwisho ndilo gumu. Wengi huandika matarajio yao baada ya kuona, na wino huwasaliti. Wako watakaosema kwamba daftari ni rahisi kunakili kutoka kwa mwenzake. Ni kweli, lakini vipande vya nguo havinakiliki. Mkaguzi avishike, avinuse ikibidi, amuulize mwenyewe kipande kimoja au viwili kwa kuvionyesha tu kwa kidole.

Tulimwomba yule mwenye daftari alirudishe chuoni ili liwe mfano kwa wanaokuja. Alilileta. Kurasa zilikuwa na alama za vidole vya watoto, na vipande sita havikuwapo. Alituambia kwamba alivikata vipande vipande ili kila kundi lipate chake. Daftari liko katika kabati ya vielelezo, na yeyote anayetaka kulitazama aombe ufunguo. Alama zake hatukuweza kuzibadili, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kupelekwa. Karatasi ya kusahihishia nayo, hadi tunapoandika haya, ni ileile ya zamani, yenye safu moja ya "Mwonekano" na safu moja ya "Nembo", na hakuna mahali popote pa kuandika kwamba mwanachuo alijaribu mara thelathini na saba.