Kwa nini ndege ndogo hukwepa jua la saa nane

Wanaoishi karibu na viwanja vidogo vya ndege, iwe Turkana, Marsabit au Mara, wanaujua mtindo huu. Ndege ndogo hutua asubuhi, na rubani huwa na haraka ya kuondoka kabla jua halijawa kali. Akichelewa hadi mchana, huenda akaacha mizigo, akamshusha abiria mmoja, au akangoja jioni. Hapo lawama huanza: rubani ana maringo, au kuna mtu aliyelipa zaidi. Mara nyingi sababu imo ndani ya injini.

Ndege nyingi za viti vinne hadi sita, kama Cessna 172 na Cessna 206, hutumia injini ya pistoni, ndugu wa karibu wa injini ya gari la petroli. Pistoni ikishuka, silinda hujaa hewa iliyochanganyika na petroli, kisha cheche huwasha mchanganyiko huo. Petroli haiungui bila oksijeni, kwa hiyo nguvu ya injini hutegemea ni hewa kiasi gani imeingia.

Hewa ikipata joto hutanuka. Chukua debe ulijaze mahindi makavu, kisha chukua debe lingine ulijaze bisi. Yote mawili yamejaa, lakini ukiyainua utajua lipi lina chakula. Silinda nayo ni debe lisilobadilika ukubwa. Asubuhi ya baridi hujaa mahindi; saa nane mchana, bisi.

Kwa injini yenyewe, joto likipanda kwa nyuzi 10 nguvu hupungua kwa karibu asilimia 2 tu. Ni kidogo, na dereva wa gari hata asingegundua. Lakini ndege hupata hasara mara tatu kutokana na hewa ileile. Injini hudhoofika, propela hukosa hewa nzito ya kusukuma, na mabawa nayo hupata hewa nyepesi ya kuyabeba, kwa hiyo ndege lazima ikimbie kwa kasi kubwa zaidi kabla ya kuinuka.

Mwinuko wa ardhi hufanya kazi hiyohiyo, na kwa ukali zaidi. Ndiyo maana marubani hujumlisha joto na mwinuko kupata kipimo kimoja: ndege "inahisi" iko juu kiasi gani. Lodwar iko takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ya nyuzijoto 24, ndege inahisi iko karibu mita 950. Mchana wa nyuzijoto 36, inahisi iko karibu mita 1,400. Kiwanja hakijasogea hata hatua moja.

Uwanja wa Wilson jijini Nairobi unashangaza zaidi, kwa sababu Nairobi tunaiita mji wa baridi. Uko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Siku ya nyuzijoto 26, ndege inahisi iko takriban mita 2,500. Injini ya kawaida yenye nguvu za farasi 180 hubaki na takriban 135 hapo. Robo imekwisha kabla gurudumu halijazunguka. Mombasa kwenye joto la nyuzi 32, injini hiyohiyo hupoteza chini ya moja ya kumi.

Injini zenye turbo, kifaa ambacho madereva wa malori wanakijua vizuri, hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo kwa kusukuma hewa ndani kwa lazima. Ndege kubwa kidogo kama Cessna Caravan hazitumii pistoni bali injini ya tabo. Nazo huathiriwa na joto, ila huwa na akiba kubwa ya nguvu.

Sasa tuje kwenye mizigo. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza huwaelekeza marubani wa ndege ndogo kwamba joto likiongezeka kwa nyuzi 10, umbali wa kuruka huongezeka kwa karibu asilimia 10. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali huongezeka kwa asilimia 20. Tuseme ndege inahitaji mita 500 alfajiri. Mchana, joto likiwa limepanda kwa nyuzi 15, itahitaji karibu 575. Ongeza uzito kwa sehemu moja ya kumi, inafika mita 690. Kama kiwanja kina mita 650, gunia la mwisho ndilo linaloamua.

Je, mabadiliko ya tabianchi yanahusika? Mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi duniani tangu vipimo vianze, na Machi mwaka huo Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto. Lakini tusitie chumvi. Digrii moja na nusu ya wastani wa dunia haiwezi yenyewe kuzuia ndege kuruka. Tofauti ya alfajiri na mchana ni kubwa mara kadhaa. Hatari iko kwenye siku za joto kali zinazozidi kuwa nyingi, na saa salama za kuruka zinazozidi kuwa chache. Mgonjwa hachagui saa ya kuugua.

Kwa maoni yangu, kinachopuuzwa zaidi ni viwanja vyenyewe. Nyumba na maboma yakisogea hadi ukingoni, nyasi zikirefuka, mvua ikichimba mifereji, mita 80 zinapotea bila mtu kutangaza. Alfajiri hakuna atakayeona tofauti. Saa nane mchana, mita hizo 80 ndizo zinazoamua kama mama mwenye uchungu atachukuliwa au atangoja.

Kwa hiyo ukipiga simu kuomba ndege ya dharura, usishangae ukiulizwa maswali yasiyomhusu mgonjwa: kiwanja kina urefu gani, nyasi zimefika wapi, mvua ilinyesha lini, na watakaopanda wana kilo ngapi.